Sufuria Moja ya Jioni kwa Mwenye Ugonjwa wa Kinga: Kinachotolewa, Kinachobaki na Sababu Zake

Kila inapokaribia tarehe 10 Mei, Siku ya Lupasi Duniani, vikundi vya WhatsApp hujaa orodha za vyakula ambavyo mgonjwa wa kinga anatakiwa kuviacha. Mtu wa Kisumu au Kakamega ambaye ameambiwa kliniki hivi karibuni kwamba ana lupasi au baridi yabisi husoma kuwa aache ugali, nyanya, maharagwe, mayai, maziwa na pilipili, kisha aoke brokoli na samoni kwenye sinia ndani ya oveni, chakula kiive kwa nusu saa na chombo cha kuosha kiwe kimoja tu. Oveni hana, samoni haijui, na ugali ndio chakula chake cha jioni tangu utotoni. Wengine hukata tamaa siku hiyohiyo. Wengine huacha kila kitu kwa wiki mbili, wakapungua uzito na kurudi hospitalini wakiwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Orodha yenyewe ina mantiki yake, na sehemu kubwa ya vyakula inavyoviruhusu imo katika soko la Kibuye mjini Kisumu, ila mara nyingi hutumwa bila maelezo ya ni ya nani, ni ya muda gani na inathibitisha nini.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mfumo wa kinga ni chembe na kemikali za mwili zinazotambua virusi, bakteria na vitu vingine vya kigeni na kuviangamiza. Katika magonjwa ya kinga kujishambulia, mfumo huo hukosea kutambua na kuanza kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Ukishambulia viungio tunapata baridi yabisi. Ukishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini tunapata kisukari cha aina ya kwanza. Ukishambulia tezi ya shingo, ugonjwa wa Hashimoto. Ukishambulia ngozi, soriasisi. Lupasi huweza kugusa ngozi, viungio, figo na hata ubongo. Mengi ya magonjwa haya huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na hakuna hata moja linaloambukizwa.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wa pekee katika eneo la Nyanza, ambako kwa miongo mingi maneno "ugonjwa wa kinga" yamesikika yakimaanisha Virusi vya UKIMWI. Haya si magonjwa ya aina moja. Katika UKIMWI kinga huharibiwa na virusi hadi ikadhoofika. Katika lupasi kinga haikudhoofika, imepotoka shabaha. Ndiyo maana dawa nyingi za lupasi na baridi yabisi hupunguza nguvu ya kinga, na ndiyo maana unga wowote unaouzwa sokoni kwa ahadi ya "kuongeza kinga" haumfai mgonjwa huyu hata kidogo.

Mkanganyiko wa pili unahusu maumivu ya viungio. Kwa mazungumzo ya kawaida, goti la mzee lililochakaa, kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku na vifundo vya mikono vilivyovimba asubuhi huitwa vyote baridi yabisi. Goti lililochakaa ni kuchakaa kwa gegedu. Kidole gumba kinachowaka, mara nyingi, ni jongo, yaani mrundikano wa asidi ya yuriki, nao si ugonjwa wa kinga kujishambulia. Tofauti hii si ya kitaaluma tu, kwa sababu mlo tutakaoueleza husifu maini, supu ya mifupa na samaki wadogo kama omena, na hivyo ndivyo vyakula ambavyo mwenye jongo huambiwa avipunguze, kwa kuwa maini na omena huongeza asidi hiyo. Jirani akikutumia orodha yake, muulize kwanza daktari alimwambia ana ugonjwa gani.

Mlo wenyewe ni nini

Mlo unaozungumziwa sana mitandaoni hujulikana kwa herufi AIP (Autoimmune Protocol, yaani utaratibu wa kula wa wenye magonjwa ya kinga kujishambulia). Ulitokana na ule mtindo wa kula kama watu wa kale kabla ya kilimo, ukaongezewa masharti kwa ajili ya wagonjwa wa kinga. Una hatua mbili, na kosa kubwa la orodha zinazosambazwa ni kwamba hutaja ya kwanza peke yake. Hatua ya kwanza ni kuondoa: kwa siku 30 au zaidi, kwa kawaida bila kuzidi 90, mtu huacha nafaka zote, jamii ya kunde, maziwa, mayai, karanga na mbegu, mboga za jamii ya mnavu kama nyanya na pilipili, kahawa, pombe, sukari ya kiwandani na vyakula vyenye kemikali za kuhifadhi. Hatua ya pili ni kurudisha chakula kimoja kimoja na kuutazama mwili. Fundi wa umeme hufanya vivyo hivyo nyumba inapokata umeme kila mara: huzima swichi zote, kisha huwasha moja baada ya nyingine mpaka aipate ile inayoleta hitilafu. Fundi anayezima zote na kwenda zake hakutengeneza chochote, ameiacha nyumba gizani.

Je, kuna ushahidi? Upo, lakini ni mdogo. Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima 15 wenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa kudumu wa utumbo) au vidonda vya utumbo mpana. Kufikia wiki ya 6 ya mlo huu, 11 kati yao dalili zilikuwa zimetulia. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa wiki 10 kwa wanawake wenye Hashimoto ulionyesha kwamba walijihisi nafuu kubwa, ingawa utendaji wa tezi na kiwango cha kingamwili katika damu havikubadilika kwa kiasi cha maana. Tafiti zote mbili hazikuwa na kundi la kulinganisha, na zilihusisha watu wachache. Anayesema mlo huu unaponya lupasi anasema jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha, na anayemwambia mgonjwa aache prednisoloni au methotrekseti, dawa za kutuliza kinga, kwa sababu sasa anakula vizuri anamweka hatarini. Prednisoloni hasa, ikiachwa ghafla baada ya kutumiwa kwa muda mrefu, yaweza kuleta dharura ya kutishia maisha.

Kilichotolewa, na dhana zinazokizunguka

Watu wengi huamini kwamba ugali hukatazwa kwa sababu una gluteni. Hauna. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Mahindi, mtama, wimbi na mchele hazina. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huharibu utumbo wake, anaweza kula ugali wa mahindi bila wasiwasi mradi unga haukuchanganyika na ngano, bali chapati na mandazi ndivyo vitakavyomdhuru. AIP huondoa mahindi kwa sababu nyingine: huondoa nafaka zote kwa pamoja, kwa hoja kwamba kila mbegu ina kemikali za kujilinda ambazo huenda zikausumbua utumbo. Ndiyo sababu maharagwe, njugu na simsim hutoka pia.

Sehemu inayozua ubishi zaidi ni jamii ya mnavu. Humo mna nyanya, biringanya, pilipili za kila aina, hoho, na viazi vya kawaida, vile ambavyo Nakuru huviita waru na ambavyo malori huvishusha kutoka Molo. Viazi vitamu havimo, kwani ni mmea wa ukoo mwingine kabisa licha ya jina. Pilipili manga nayo si ya ukoo huo, ingawa huondolewa mwanzoni kwa kuwa ni kiungo cha tunda. Jambo ambalo orodha za ng'ambo haziwezi kukwambia, kwa sababu waandishi wake hawaijui mboga yenyewe, ni kwamba managu, ambayo Waluo huiita osuga na Waluhya lisutsa, ndiyo mnavu wenyewe. Nimesikia wengi wakijivunia kuacha nyanya huku wakila managu mara nne kwa wiki wakidhani kila mboga ya kienyeji imeruhusiwa. Anayefanya jaribio kwa ukamilifu lazima aiweke kando kwa muda huo. Aiweke kando tu, asiitupe: managu ni mboga yenye lishe kubwa, ushahidi kwamba jamii ya mnavu huchochea baridi yabisi ni hafifu, na kwangu mimi ingekuwa miongoni mwa mboga za kwanza kujaribiwa upya.

Viungo vya kupikia huponyoka macho ya wengi. Manjano, tangawizi, kitunguu saumu, mdalasini na majani ya dania hubaki. Bizari nyembamba, mbegu za dania na haradali hutoka kwa sababu ni mbegu, na kwa hiyo unga wa kari na masala ya pilau hutoka navyo, pamoja na vile viungo vya mchuzi vya pakiti ambavyo huwa na wanga wa mahindi na pilipili ndani. Chai haikatazwi, kinachoondoka ni maziwa na sukari, na chai ya rangi yenye tangawizi na asali kidogo hubaki halali.

Kwa nini sufuria moja

Waandishi wa mapishi ya aina hii hutaja sufuria moja kama njia ya kuokoa muda. Kwa mgonjwa wa kinga sababu ni nzito zaidi. Uchovu wa lupasi si ule unaoisha kwa kulala, na mtu mwenye vifundo vya mikono vilivyovimba hawezi kusonga ugali wa watu sita, kumenya rundo la nduma na kusugua sufuria tatu zenye masizi baada ya kazi. Chakula kinachohitaji jiko moja, kisu kimoja na dakika 30 ndicho atakachoendelea kukipika hadi mwezi uishe. Tena kitoweo hichohicho huwa mboga ya nyumba nzima: mtu mwingine akisonga ugali kando, familia inakula pamoja, na mgonjwa hapikiwi chungu chake kama aliyetengwa.

Kanuni ya kupanga sufuria ni rahisi. Kinachochelewa kuiva hukaa chini, nyama au samaki hufuata, na mboga za majani huwekwa juu dakika za mwisho zikaiva kwa mvuke. Tatizo ambalo kila mpishi wa magharibi ya Kenya hulikuta siku ya kwanza ni nyanya. Mchuzi wetu huanza kwa kitunguu na nyanya, na ukiitoa nyanya unabaki na kitoweo kikavu, kitamu cha upande mmoja, kisicho na ukali. Kuongeza maji hakusaidii. Nyanya huleta mambo matatu, yaani uchachu, uzito na rangi, na kila moja lina mbadala wake: ndimu au ukwaju kwa uchachu, boga au karoti iliyopikwa ikapondwa kwa uzito, na kipande kidogo cha kiazisukari (bitiruti) kwa rangi. Karoti tatu, kipande cha boga na robo ya kiazisukari zikichemshwa na kitunguu Jumapili, zikapondwa na kukamuliwa ndimu, hutoa rojo ya kutosha kwa siku tatu au nne ikihifadhiwa kwenye friji. Anayezidisha kiazisukari atapata mchuzi wa waridi ambao watoto wataukataa.

Kwa jioni ya kawaida, nyama ya kusaga ndiyo rahisi kuliko zote. Nusu kilo iwekwe katika sufuria kavu juu ya moto wa wastani, ijitoe mafuta na maji yake mpaka ikauke na kuanza kushika rangi, takriban dakika nane. Hapo tia kitunguu, saumu, tangawizi, chumvi na nusu kijiko cha manjano. Viazi vitamu vitatu vilivyokatwa vipande vya sentimita mbili vifuate pamoja na vijiko vinne vya ile rojo na kikombe cha supu ya mifupa au maji, kisha ufunike kwa dakika 15. Viazi vya rangi ya chungwa hulainika mapema kuliko vile vyeupe vya unga vinavyotoka Kabondo, kwa hiyo viangaliwe visivurugike. Sukuma wiki iliyokatwa laini huja juu, dakika nne, na ndimu ya kukamua mwishoni. Ukipata kuku wa gredi aliyekatwa vidogo fanya vivyo hivyo kwa dakika 35. Wa kienyeji mwachie Jumamosi.

Samaki huenda vizuri na ndizi mbichi. Ndizi zichemshwe katika tui la nazi na kitunguu, tangawizi na manjano mpaka karibu ziive, dakika 15 hadi 20, kisha minofu ya mbuta ilazwe juu yake, sufuria ifunikwe, na isikorogwe tena kwa dakika nane au kumi. Majani ya dania na ndimu yanatosha kuimaliza. Ngege mzima akatwe vipande viwili, aongezewe dakika chache. Tui la kopo mara nyingi hutiwa vitu vya kulifanya zito ambavyo mlo huu haupendi, kwa hiyo anayeweza kukuna nazi, au ambaye nyumbani kuna mtu wa kumkunia, atapata tui safi zaidi.

Omena ninaiona kuwa hazina ya mlo huu, nayo haitajwi kabisa katika mapishi ya ng'ambo. Huliwa nzima pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ina kalisiamu. Mgonjwa aliyeacha maziwa huku akimeza prednisoloni, dawa ambayo hudhoofisha mifupa ikitumiwa kwa muda mrefu, anaihitaji kalisiamu hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Ilowekwe katika maji ya moto, ioshwe mpaka mchanga uishe, ikaushwe vizuri, kisha ikaangwe kwa mafuta ya nazi katika karai pana mpaka iwe kavu na ya kuvunjika. Isogeze pembeni, kaanga kitunguu, tangawizi na karoti iliyokunwa katika nafasi iliyobaki, rudisha omena, tandaza terere juu na ufunike dakika tatu. Majani ya terere yanaruhusiwa ingawa mbegu zake haziruhusiwi. Mihogo iliyochemshwa siku iliyotangulia hupashwa moto ukingoni mwa karai hilohilo.

Kuhusu mihogo kuna tahadhari mbili. Mihogo michungu ina kemikali zinazotoa sianidi, na ni lazima imenywe, ilowekwe au ivundikwe na kukaushwa ipasavyo kabla ya kusagwa au kupikwa. Usinunue kutoka kwa mtu asiyejua ni ya aina gani. Ya pili ni kwamba unga wa muhogo unaouzwa Busia na Siaya mara nyingi umechanganywa na mtama au wimbi, kwa kuwa ndivyo wengi wanavyoupenda, na anayefuata hatua ya kuondoa aulize upatikane wa muhogo mtupu. Nduma nazo ziive kabisa, la sivyo zitawasha koo.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza

Viazi vitamu, ndizi, parachichi na mboga za majani zina potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye figo nzima hilo ni jema. Kwa mgonjwa ambaye lupasi imefika kwenye figo, huenda daktari amemwambia apunguze potasiamu, na sufuria zote tulizozieleza zikawa hatari kwake. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayebadilisha ugali kwa viazi vitamu anabadilisha kiasi cha wanga anachokula, na kipimo cha insulini huenda kikahitaji kubadilika pamoja nacho. Anayetumia warfarini kuzuia damu kuganda asiongeze ghafla mboga za majani, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza kazi ya dawa. Kiasi kile kile kila wiki ndicho salama. Wajawazito, watoto, na yeyote ambaye tayari amekonda wasianze hatua ya kuondoa bila mtaalamu wa lishe, na hospitali za rufaa za kaunti huwa na wataalamu hao.

Kurudisha

Siku 30 zikiisha na dalili zikiwa zimepungua, chakula kimoja hurudishwa: kipande kidogo kwanza, kikubwa zaidi baada ya saa chache kama hakuna kilichotokea, kisha hakiliwi tena kwa siku tano hadi saba huku mtu akiandika daftarini hali ya viungio, tumbo, ngozi na usingizi. Kwa kawaida huanza kiini cha yai, samli na mishiri, yaani maharagwe mabichi yanayoliwa na ganda lake. Ute wa yai, karanga na simsim hufuata. Nyanya, pilipili, maziwa, nafaka na maharagwe huja mwisho. Mpangilio huo si sheria, na kwa familia ambayo ugali ndio tegemeo lake sioni kosa kuujaribu mapema, mradi unajaribiwa peke yake, bila maziwa ya mala kando yake wala mchuzi wa nyanya juu yake. Kama dalili hazikupungua kabisa katika mwezi wa kwanza, vyakula vilivyotolewa huenda havikuwa tatizo lake, na hakuna sababu ya kuendelea kujinyima. Mwenye siliaki peke yake hana hatua hii kwa upande wa ngano, shayiri na rai: kwake hizo hazirudi, wala hazijaribiwi kidogo kidogo, maisha yake yote.